Jibu la Kumi na Tisa

Nay Pasing alikuwa ameezeka bati jipya. Delfa Sumagaysay aliliona kutoka barabarani, likimeta katikati ya migomba, akasema moyoni kwamba basi ni kweli, wamemnunua.

Asubuhi hiyo, ofisini mjini Iloilo, Wakili Sobrevega alimpa nakala ya hati ya kiapo ya mama huyo huku akifunga tai ya kwendea mahakamani. Hati ilikuwa ya upande wao wenyewe. Ilitakiwa imtoe Roniel Gabasa mahabusu kwa dhamana. Roniel, kijana fundi wa kuchomelea vyuma, alishtakiwa kwa kumuua Benhur Galon, msimamizi wa mashamba ya mpunga, aliyekutwa amechomwa kisu kando ya mfereji usiku ule ule ambao maiti ya mume wa Nay Pasing ilikuwa imelazwa sebuleni kwake, watu wakikesha msibani. Roniel alisema hakutoka msibani mpaka kulipokucha. Mtu wa kumthibitishia alikuwa mjane mwenyewe.

Badala yake, jibu la kumi na tisa katika hati yake lilisema hivi: "Ilipofika saa nne na nusu usiku alisimama kuaga. Nilimsindikiza hadi getini, nikamshukuru kwa kuja, nikamwona akishika njia ya mfereji."

Galon aliuawa karibu na saa sita.

"Mara ya kwanza nilipoonana naye aliniambia kijana alikuwepo mpaka asubuhi," Wakili alisema. "Siku ya kurekodi akabadilika. Na mimi nikaipeleka mahakamani bila kuisoma vizuri, nilikuwa na kesi sita wiki ile. Upande wa mashtaka ndio walionionyesha. Aibu niliyoipata, acha tu. Kesho anapanda kizimbani. Nenda kajue nani kampa nini."

Delfa aliwahi kuwa sajenti wa polisi kabla ya kuwa mpelelezi wa ofisi ile. Alijua kwamba mtu aliyepewa kitu huwa anakionyesha bila kujua. Alibisha hodi.

"Ingia, Inday, binti yangu, ingia! Umekula?"

Nay Pasing alikuwa mwanamke mfupi, mwenye nywele nyeupe alizozibana kwa chanuo la plastiki. Alimvuta Delfa mkono hadi mezani, akamwekea wali na samaki mkavu kabla hajamuuliza jina. Jikoni kulikuwa na friji jipya, bado limevaa karatasi zake za nailoni.

"Friji zuri, Nay."

"Linapiga kelele usiku kama mzee wangu. Ndiyo maana sijalivua nguo. Nikilizoea, nitalivua."

"Na bati?"

"Bati ni ujinga wa Rizalina, mwanangu."

Simu ya Nay Pasing ililia wakati huo huo, na Rizalina mwenyewe akajaa kwenye kioo, jasho usoni, nyuma yake jiko la watu wenye nafasi huko Hong Kong.

"Nay! Fundi kapaka rangi? Nilikwambia ya kijani!"

"Kijani ya nini? Mimi chura?"

"Nay, litaungua jua hilo! Mwezi mzima nimefua nguo za watu kwa ajili ya bati hilo! Huyo nani hapo?"

"Mgeni. Anakula. Muache ale."

Delfa alimpungia mkono. Alimuuliza Rizalina maswali mawili matatu kama mtu anayetaka na yeye kuezeka: amenunua duka gani, lilifika lini. Bati lilikuwa limeagizwa kabla ya msiba. Friji lilitoka duka hilo hilo. Delfa alilifuta jambo hilo kichwani. Alibaki na hati, na mwanamke asiyefanana nayo.

Simu ilipokatika, hakumwonyesha hati. Alifanya kama alivyofundishwa, shahidi aachwe aseme kwanza.

"Nay, nisimulie usiku ule. Roniel alikuja saa ngapi?"

"Kabla ya rozari. Alikuja na mkate. Toto yule hana kitu lakini hakuja mikono mitupu."

"Halafu?"

"Tukasali. Nikawapa watu kahawa na biskuti. Wanaume wakakaa uani chini ya turubai, wakaanza karata zao. Kelele! Marehemu mwenyewe angeamka acheze."

"Na Roniel akacheza?"

"Hajui kucheza. Alikuwa anaosha vikombe. Kila nikiamka nilikuwa namwona pale bombani, anaosha vikombe. Kulipokucha akanipikia uji, akaniambia, 'Nay, kula, hujala tangu juzi.' Mtu wa namna hiyo ndiye wanasema kaua."

Delfa alitafuna taratibu. Mambo mawili hayawezi kuwa kweli pamoja. Kama mama huyu alikuwa anasema kweli sasa, basi aliapa uongo. Kama aliapa kweli, basi uongo ni huu anaoutoa juu ya wali. Na mtu aliyehongwa mara nyingi husema hivi, maneno matamu kwa mpelelezi na mengine kwenye karatasi.

"Wakili alipokuja kukurekodi, ulimwambia hayo yote?"

"Nilimwambia. Nilianza kumwambia." Nay Pasing aliangalia mikono yake. "Nilifika kwenye shati la mzee. Shati alilozikwa nalo lilikosa kifungo, na mimi sikuliona mpaka wameshamvalisha. Basi nikalia. Wakili akasema pumzika, Nay. Mtu mzuri sana yule. Karatasi za kiwanja changu alizishughulikia bure."

"Na hati ulipoisaini, ulisomewa?"

"Waliniita mjini. Yule msichana wa ofisini akanionyesha, weka jina hapa, na hapa, na hapa. Ilikuwa Kiingereza upande mmoja, lugha yetu upande mwingine. Miwani niliisahau. Nikamuuliza, ni yale niliyosema? Akasema ndiyo, Nay, ni yako. Nikasaini. Wakanipa chakula cha mchana."

Delfa alisimama kuaga. Jua lilikuwa kali. Nay Pasing alichukua mwavuli nyuma ya mlango bila kuambiwa, akaufungua, akamfunika Delfa kichwa hadi kwenye geti la mianzi, yeye mwenyewe akitembea juani.

"Nenda salama, Inday. Asante kwa kuja."

Delfa alikuwa ameshashika geti. Hakulifungua.

Alikumbuka msiba wa baba yake. Alikuwa mtoto, binamu zake walikuwa wanaondoka, na yeye alitaka kuwafuata hadi barabarani. Shangazi alimkamata gauni kwa nyuma, akamrudisha ndani kwa nguvu hadi mshono ukafumuka. Maiti ikiwa ndani, mwenye msiba hamsindikizi mgeni. Hamuagi na hamshukuru. Mgeni huinuka akaondoka zake, na wenye nyumba hujifanya hawakuona, wasije wakakisindikiza kifo kwenda kwake, au wakakiita kirudi kwao. Hakuna mtu wa kisiwa hiki asiyelijua hilo, na hata wasioliamini hulifuata.

Na watu wa kisiwa hiki, yeye akiwa mmoja wao, walikuwa wamelisoma jibu la kumi na tisa mara ngapi? Wakili, karani, mwendesha mashtaka. Lilisomeka vizuri sana. Adabu yake ndiyo iliyowafanya walipite bila kushtuka.

"Nay," alisema, "usiku ule, kuna mgeni yeyote uliyemsindikiza hadi hapa?"

"Usiku upi?"

"Wa mkesha."

Mwavuli ulishuka. "Mzee wangu yuko ndani kalala, mimi nije getini na mgeni? Inday, una mama wewe? Unataka nizike mtoto? Nani kasema nilifanya hivyo?"

"Hakuna, Nay."

"Mtu kasema! Mwambie aje aniambie mimi!"

Delfa alimwomba radhi, akafika barabarani akitembea haraka. Mama huyu hakubadilisha maneno. Maneno yale hayakutoka kinywani mwake, wala mwa mtu yeyote aliyewahi kukaa msibani huku.

Ofisini, karani Gemma alikuwa anakula batchoy, supu ya tambi, kwenye bakuli la kufungiwa, mguu mmoja ameukunja kitini.

"Nipe sauti ya Nay Pasing," Delfa alisema.

"Jamani, hata salamu? Iko kwenye kompyuta. Ila sijui kama inasikika. Sijawahi kuisikiliza."

"Na Wakili?"

"Nani ana muda, Manang, dada yangu? Sauti inaingia huku, akili mnemba inaiandika, inatafsiri, inapanga maswali na majibu. Mimi natoa nakala. Zamani hati moja ilinichukua siku nzima. Sasa tunafanya tano kabla ya chakula. Usinitazame hivyo, unanikumbusha masista wa shule."

"Huwa mnaiagiza nini?"

Gemma alifungua maagizo. Yalikuwa ya Wakili, yale yale kwa mashahidi wote: andika hati ya kiapo kwa maswali na majibu; masimulizi yawe na mwanzo, kati na mwisho; palipo na pengo, unganisha ili yasomeke vizuri.

Delfa aliyasoma, akavuta kiti.

"Andika mengine. Iambie isitunge kitu. Ichukue kila jibu lililo kwenye hati, ituonyeshe mahali lilipotoka kwenye sauti. Kama halipo, iseme halipo."

Gemma aliandika kwa vidole viwili, kijiko kikiwa mdomoni. Majibu yalianza kujipanga. Mkate: upo. Rozari: ipo. Kahawa na biskuti: zipo. Shati: lipo. Kisha: "Jibu la kumi na tisa: halipo kwenye sauti. Jibu la ishirini: halipo kwenye sauti. Sauti inakatika baada ya jibu la kumi na nane."

Kijiko kilidondoka. "Kumbe inajua!"

"Hatukuwahi kuiuliza."

Delfa hakuridhika na hilo pia. Kilichoweza kutunga geti kingeweza kutunga hata hilo "halipo". Alivaa visikizio, akasikiliza rekodi yote tangu mwanzo, kalamu mkononi, akitia alama hati jibu kwa jibu. Mwishoni alimsikia Nay Pasing akilia kwa sauti ya chini, na Wakili akisema, "Pumzika, Nay. Inatosha kwa leo." Kisha kimya. Masimulizi yale hayakuwa na mwisho, na mashine ilikuwa imeamriwa kwamba kila masimulizi yawe na mwisho. Ikachukua mgeni, ikamsimamisha, ikamfanya aage, ikamtafutia saa na njia ya kwenda kwao. Na njia pekee iliyotajwa katika faili lote la kesi iliyopewa ilikuwa ya mfereji.

Wakili Sobrevega aliingia jioni, koti begani. Delfa alimweleza akiwa amesimama. Alipofika kwenye geti, Wakili alikaa.

"Mungu wangu," alisema. "Msiba. Hata mimi nimelisoma."

"Sote tumelisoma, Wakili. Sasa ni rahisi. Kesho mpe jaji sauti hii. Mwambie jibu la kumi na tisa limeandikwa na mashine. Halafu mwache Nay Pasing amalizie alichokuwa anataka kusema."

"Rahisi." Aligeuza hati hadi ukurasa wa mwisho, akaweka kidole chini ya saini yake. "Soma hapa. Soma kwa sauti."

Delfa alikuwa anaujua. Ulikuwa ukurasa ambao wakili mwenyewe anaapa kwamba maswali aliyauliza yeye, na majibu ameyaandika kwa uaminifu kama shahidi alivyoyatoa.

"Nikisimama kesho, nimekiri kiapo cha uongo," Wakili alisema. "Wananivua joho. Sawa, nivuliwe. Lakini mwaka huu wote hati zangu zimepita njia hii hii. Unawajua wateja wangu, Delfa. Kuna hata mmoja anayeweza kulipa wakili mwingine? Nikianguka mimi, kila hati niliyosaini inatupwa. Wanaanza upya, wakiwa ndani."

"Usingeiagiza iunganishe mapengo."

"Ningelala lini?"

"Sikusema usiitumie. Ungeiuliza kama Gemma alivyoiuliza leo. Ilijibu kabla hajamaliza hata bakuli lake."

Wakili alijifuta uso kwa viganja vyote viwili. Alikuwa amekonda mwaka ule, na Delfa alimhurumia, jambo ambalo lilimkera.

"Kuna njia ya pili," Wakili alisema polepole. "Mama ni mzee. Alikuwa na majonzi..."

"Hapana."

"Nasema tu."

"Usiseme. Yule mama alinitembeza chini ya mwavuli, mimi niliyekwenda kumchunguza. Akikana hati, watamshtaki kwa kuapa uongo. Akiikubali, wamemmaliza Roniel. Anayeweza kuwaokoa wote wawili ni wewe peke yako."

Wakili aliifunga hati. Kisha akasema, "Nitasema kesho." Delfa alimwamini kwa sababu hakuwahi kumwona akivunja ahadi.

Kesho yake Nay Pasing alikuja mahakamani na gauni jeusi la msiba, miwani ameifunga kamba shingoni. Roniel alikaa kwenye benchi la washtakiwa, fulana ya njano ya mahabusu ikimpwaya. Wakili Libo-on, mwendesha mashtaka, mwanamke asiyepandisha sauti, alimsogezea shahidi hati.

"Hii ni saini yako, Nay?"

"Yangu."

"Jibu la kumi na tisa. Umesema ulimsindikiza mshtakiwa hadi getini. Kweli au si kweli?"

Nay Pasing alisoma midomo ikicheza. Alimaliza, akarudia. "Si kweli."

Watu waliguna. Jaji aliinua kichwa.

"Kwa hiyo uliapa uongo?"

"Mimi sijasema hivi. Mimi siwezi kufanya hivi, mzee wangu akiwa ndani."

"Lakini ulisaini. Mbele ya wakili wako. Nani basi aliyeandika?"

Wakili Sobrevega alisimama. Delfa, kwenye benchi la nyuma, aliona mgongo wake tu. Aliona mabega yakipanda kama ya mtu anayetaka kuruka mtaro.

"Mheshimiwa," alisema, kisha akakohoa. "Mheshimiwa, naomba mahakama izingatie kwamba shahidi ni mtu mzima sana. Usiku ule alikuwa amefiwa. Naomba nimuulize mimi." Alimgeukia. "Nay, si kweli kwamba mambo ya usiku ule yalikuchanganya?"

Delfa alisimama. Askari wa mahakama alimwonyesha kwa kiganja akae. Hakukaa.

"Mheshimiwa, kuna sauti..."

"Wewe ni nani?" jaji aliuliza.

"Mpelelezi wa..."

"Si wakili wala shahidi. Kaa, au utolewe nje."

Askari alimshika kiwiko, akamkalisha.

Nay Pasing hakuangalia nyuma. Alikuwa anamtazama Wakili. Aliuona uso wake, jasho kwenye paji, mkono ulioshika meza. Delfa alimwona mama yule akielewa jambo moja tu kati ya yote, kwamba mtu aliyemtendea wema alikuwa matatani, na alikuwa anamwomba kitu.

"Ndiyo, Wakili," alisema kwa upole. "Nilichanganyikiwa. Mimi mzee."

"Asante, Nay."

Wakili Libo-on alisubiri Sobrevega akae. "Basi, Nay, na lile la kwamba mshtakiwa alikuwepo mpaka asubuhi, huenda nalo umechanganya?"

"Hilo hapana. Hilo namwona kabisa, anaosha vikombe."

"Lakini umeiambia mahakama sasa hivi kwamba kichwa chako hakikuwa sawa usiku ule."

Mkalimani wa mahakama alirudia swali. Nay Pasing alimtazama Wakili tena, lakini Wakili alikuwa anapanga karatasi.

"Kama kichwa changu si sawa," alisema mwishowe, "basi nitasemaje, Mheshimiwa?"

Jaji hakuchukua muda. Dhamana ilikataliwa.

Walimpitisha Roniel kwenye ukumbi wa nje, mikono imefungwa kwa mbele. Alipomwona Nay Pasing alisimama, na kwa kuwa hangeweza kuushika mkono wake, aliinama mpaka paji la uso likagusa mgongo wa kiganja chake, kama anavyoamkiwa mzazi.

"Asante kwa kuja, Nay."

"Umekula, Toto?"

"Nitakula." Askari alimsukuma taratibu, wakashuka ngazi.

Wakili Sobrevega alitoka kwa mlango wa upande. Hakuwaangalia.

Nay Pasing aliketi kwenye benchi, akaivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni. Alionekana ametulia, kama mtu aliyemaliza kazi nzito.

"Inday, nimesema vizuri?"

Delfa alitazama ngazi alikoshukia Roniel.

"Niliona Wakili anaogopa. Nikasema nimsaidie, na yeye ndiye anamsaidia Toto. Basi Toto anatoka lini? Leo, au mpaka kesho?"

Delfa alikaa karibu naye. Alikuwa amewapa watu habari za vifo kazini, miaka mingi, na alijua hazina namna nzuri ya kusemwa.

"Hatoki, Nay. Uliposema umechanganyikiwa, na yale ya vikombe hawakuyaamini tena. Uliyemsaidia ni Wakili peke yake."

Nay Pasing aliendelea kuifuta miwani. Kisha akaacha. Akaivaa, akainuka, akaushika mlango wa mahakama kwa mikono miwili, akauvuta. Ulikuwa umefungwa.

"Fungueni," alisema. "Sijamaliza kusema."

Karani alitokeza kichwa kwenye dirisha la pembeni, akawaambia kwamba jaji ameshakwenda kula, na kesi imeahirishwa hadi Februari.